Fedha Zetu Ziende Kwenye Hatari: Kwa Nini Korogwe Inahitaji Ramani ya Malaria

Maneno ya Kamati ya Afya mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka na Harambee



Sisi Kamati ya Afya tumepewa nafasi tueleze kwa nini mwaka huu tunaomba fedha za kuchora ramani. Tangu pendekezo hili litoke, tumeulizwa maswali mawili. La kwanza: ramani inatibu nini? La pili ni zito zaidi: kwa nini Kamati inapendekeza kwamba fedha za malaria zisigawanywe sawa kwa sawa kwa kila kata, kama tulivyozoea kugawa mabati na madawati? Tutayajibu yote mawili bila kuzunguka, kisha ninyi ndio mtakaoamua.

Tuanze na nyumbani kwenyewe. Ukishuka basi pale Korogwe mjini uko takribani meta 300 tu juu ya usawa wa bahari. Kuna joto, mto Pangani unapita, mashamba ya mkonge yametandaa. Elekea Mombo utakuta mpunga wa umwagiliaji. Ingia bonde la Luengera uende Magoma na Mashewa, utakuta mahindi, mabwawa madogo na matope ya masika. Sasa panda Bungu, Dindira au Vugiri. Saa chache tu umekwishavaa sweta, na asubuhi ukungu unazuia hata kuona nyumba ya jirani. Wilaya ni moja, watu ni hao hao, wanaoana na kuzikana. Lakini kwa mbu, hizo ni nchi mbili tofauti.

Sababu yake si siri. Vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwa mbu aina ya Anopheles havimwambukizi mtu mwingine siku hiyo hiyo. Ni lazima vikomae kwanza ndani ya mbu, na kinachoviharakisha ni joto. Kwenye wastani wa nyuzi joto 25, kazi hiyo huchukua siku 12 hivi. Kwenye nyuzi joto 20 huchukua karibu siku 28. Kwenye nyuzi joto 18 huzidi siku 50, na ikishuka hadi 16 vimelea aina ya falciparum, ndivyo vinavyoua zaidi kwetu, havikomai kabisa. Mbu naye maisha yake ni mafupi. Wachache sana humaliza mwezi. Kwa hiyo juu mlimani mbu wengi hufa kabla sumu yao haijaiva, ila bondeni wengi huwahi. Na kila ukipanda meta 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayofanya mtoto wa bondeni na mtoto wa mlimani walale chini ya hatari mbili zisizolingana.

Hazilingani kwa kiasi gani? Milima yetu ya Usambara ni miongoni mwa mahali palipochunguzwa sana Afrika kwa swali hili. Watafiti waliopima kijiji baada ya kijiji kutoka meta 300 hadi karibu meta 1,700 walichapisha matokeo yao mwaka 2003. Walikuta kwamba uambukizaji wa malaria bondeni ulizidi ule wa juu kabisa kwa zaidi ya mara 1,000. Ndugu zetu, si mara mbili wala mara kumi. Ni mara elfu moja, ndani ya safari ambayo mzee wa zamani aliitembea kwa miguu kwenda kuuza viazi na kurudi.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza linapoanzia. Ramani haimtibu mtu yeyote. Kazi yake ni kutuambia dawa, chandarua na shilingi yetu vianzie wapi.

Mtu anaweza kusema, "Haya tunayajua siku zote. Bondeni kuna malaria, mlimani hakuna. Ramani ya nini?" Zamani hoja hiyo ingetosha. Leo haitoshi, na tuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni habari njema. Malaria kwetu imepungua sana. Utafiti uliofuatilia vijiji vya Korogwe ulikuta kwamba kwenye vijiji vya bondeni waliokuwa na vimelea mwilini walikuwa asilimia 78 mwaka 2003, na kufikia mwaka 2008 walikuwa asilimia 13. Kwenye vijiji vya juu walipungua kutoka takribani asilimia 25 hadi 3. Nchi nzima pia imeshuka: kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kutoka asilimia 18 kwenye utafiti wa mwaka 2007/08 hadi asilimia 7 mwaka 2017, ingawa utafiti wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 8, yaani kushuka kumesimama.

Sasa sikilizeni kinachotokea ugonjwa unapopungua. Kijiji ambacho watu nane kati ya kumi wana vimelea hakihitaji ramani, kwa sababu popote utakapotupa jiwe litaangukia malaria. Wakibaki mmoja au wawili kati ya kumi, hao hawatawanyiki sawasawa. Ugonjwa hujikusanya pembeni: kitongoji kilicho karibu na kinamasi, nyumba zilizozunguka mashimo ya kufyatulia matofali, kaya zilizo jirani na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kitongoji cha pili, hatua chache kutoka hapo, kinaweza kupita masika nzima bila mgonjwa. Ukigawa sawasawa wakati huo, unamwaga maji mengi pasipo na moto.

Sababu ya pili ni kwamba ule mlima tunaouita salama haukai salama milele. Wazee wa upande wa Muheza wanaikumbuka Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwenye Usambara ya Mashariki. Kwa miaka mingi Amani ilisifiwa kwa hewa yake na uchache wa malaria. Mwaka 1987 watafiti Matola, White na Magayuka walichapisha makala kuonesha kwamba hali hiyo imebadilika na malaria imeota mizizi hapo hapo Amani. Ukataji wa misitu ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyahusisha na badiliko hilo. Na hili linaeleweka: msitu ukifyekwa, jua linafika chini, maji yanasimama kwenye mwanga, na mbu wa gambiae hupenda hasa vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata vile vya kwato za ng'ombe.

Zaidi ya hapo, mtu wa mlimani hana kinga ya mwili kama ya mtu wa bondeni. Aliyekulia bondeni ameumwa mara nyingi akiwa mtoto, na akifika utu uzima mwili wake unaijua malaria. Wa mlimani haujui. Mvua kubwa na joto vikija pamoja, kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya mwaka 1997/98 katika nyanda nyingi za juu za Afrika Mashariki, malaria huwapiga watoto na watu wazima kwa pamoja, na hulaza nyumba nzima. Kwa hiyo tunaposema hatari ya mlimani ni ndogo, hatusemi haipo. Tunasema ni ya namna nyingine, na inahitaji matayarisho ya namna nyingine.

Sababu ya tatu ndiyo tunayotaka mwondoke nayo. Sehemu nyeupe kwenye ramani si lazima iwe salama. Huenda ni sehemu ambayo hakuna aliyeiuliza. Takwimu nyingi za malaria hutoka kwenye vitabu vya MTUHA vya zahanati. Mgonjwa akifika, akapimwa kwa kipimo cha haraka, akaandikwa, amehesabiwa. Asiyefika hahesabiwi. Kwa hiyo kijiji chenye zahanati nzuri huonekana kina malaria nyingi, na kitongoji kilicho ng'ambo ya mto usio na daraja, ambako mama huona bora anunue vidonge dukani, huonekana kisafi. Tukichora ramani kwa vitabu peke yake, tutawapelekea msaada wale ambao tayari wana msaada, na tutawapita wale ambao kimya chao ndicho kilio chao.

Kuna jambo jingine dogo kwenye vitabu hivyo. Vinaonesha mtu alipotibiwa. Havioneshi alipoumwa na mbu. Wengi wetu tunatoka kwenye familia za mlimani zenye shamba bondeni. Msimu wa kulinda mahindi na mpunga, baba au kaka hulala kwenye kibanda cha shamba wiki mbili tatu, mara nyingi bila chandarua. Homa inamshika akiwa amekwisharudi nyumbani juu. Anaandikwa mgonjwa wa mlimani, kumbe mbu ni wa bondeni. Ndiyo maana tunapendekeza kila mgonjwa aulizwe maswali mawili mepesi: unaishi kitongoji gani, na wiki mbili tatu zilizopita ulilala wapi?

Ndugu zetu, kazi ya namna hii si ndoto. Wengi wenu mnaishi hapa Dar es Salaam, na huenda mliiona bila kujua ilikuwa nini. Mwaka 2004 Jiji lilianza mpango wa kudhibiti malaria mijini katika kata 15, tano kutoka kila manispaa ya Ilala, Kinondoni na Temeke za wakati huo. Hawakuanza na mitambo mikubwa. Walichukua wakazi wa mitaa yenyewe, wakawafundisha kuchora kwa mkono mchoro wa kila shina la balozi: nyumba, viwanja, mitaro, bustani za mchicha, madimbwi. Kisha michoro ile ikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani.

Hapo ndipo likaonekana jambo la maana sana kwetu. Kulikuwa na maeneo ambayo hayamo kwenye mchoro wa shina lolote. Kila balozi alidhani ni ya mwenzake. Mengine yalikuwa mabonde na viwanja visivyo na mwenyewe, yaani pale pale mbu anapopenda. Mahali pasipo na mwenyewe hakuna anayepiga dawa, hakuna anayezibua mtaro. Ramani ndiyo iliyosema, "Hapa pia ni penu." Kuanzia mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kuwekwa kwenye mazalia kila wiki katika kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na wakazi wale wale ndio walioiweka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba maambukizi ya malaria katika kata zilizopata dawa yalipungua kwa kiasi kikubwa.

Serikali nayo inakwenda njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2014/15 wanafunzi wa shule za msingi wamekuwa wakipimwa malaria katika uchunguzi wa kitaifa unaorudiwa. Kwa kutumia vipimo hivyo, vipimo vya wajawazito kliniki na takwimu za vituo vya afya, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria umezipanga halmashauri kwa ngazi za hatari: ndogo sana, ndogo, ya kati na kubwa, na miji ikatazamwa kipekee. Utafiti wa mwaka 2017 ulionesha umuhimu wake. Kigoma watoto wenye malaria walikuwa asilimia 24, wakati mikoa mingine ilikuwa chini ya asilimia 1. Haiwezekani mikoa hiyo ikapewa dawa ya aina moja kwa kipimo kimoja.

Lakini halmashauri ni kubwa mno kwa kazi yetu. Halmashauri yenye bonde na mlima ndani yake, ukichukua wastani wake, utapata namba isiyo ya bonde wala ya mlima. Ni kama kuweka mguu mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye barafu, kisha useme kwa wastani uko vizuri. Ramani ya taifa inashuka mpaka mahali fulani, na kutoka hapo wenyeji ndio wenye macho. Hakuna picha ya angani itakayojua kwamba kisima kile kiliachwa baada ya msiba, au kwamba vijana wamehamishia ufyatuaji wa matofali upande wa pili wa barabara. Mwenye kitongoji anajua.

Hatutaki kuwauzia ramani kama dawa ya kienyeji inayotibu kila kitu. Tuseme na mipaka yake.

Kwanza, kila mbu ana ramani yake. Wa malaria hupenda madimbwi, mpunga na vinamasi, na huuma usiku. Aedes, anayeleta dengue na chikungunya, huzaliana karibu na watu kwenye matairi, ndoo na mapipa, na huuma mchana. Chikungunya yenyewe ni jina la Kimakonde, lililotokana na mlipuko wa mwaka 1952/53 katika uwanda wa Makonde huku huku kwetu Tanzania. Dengue ilipozuka mwaka 2019 ilizipiga Dar es Salaam na Tanga, miji ambayo ndugu zetu wanaingia na kutoka kila wiki. Culex, mmoja wa wanaoeneza matende na mabusha, hupenda maji machafu na mashimo ya vyoo. Mwaka huu tunaanza na malaria. Lakini kijana aliyefundishwa kuhesabu madimbwi anaweza pia kuhesabu matairi, na tutahakikisha anafundishwa hivyo.

Pili, kushambulia vitovu vya ugonjwa peke yake hakumalizi ugonjwa. Huko Rachuonyo, magharibi mwa Kenya, watafiti walijaribu kuelekeza nguvu zote kwenye vitovu tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba ndani ya vitovu malaria ilipungua kidogo na kwa muda mfupi, na nje yake haikuonekana nafuu. Somo kwetu ni hili: ramani inatuambia tuanzie wapi na tuongeze wapi, lakini haituruhusu kumwacha mtu yeyote bila kinga ya msingi. Chandarua cha mjamzito kliniki na cha mtoto kwenye chanjo ni haki ya kila kata, na fedha zetu haziji kuchukua nafasi yake.

Tatu, ramani huzeeka. Majirani zetu wa Pare na Taveta walipuliziwa dieldrin majumbani kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, katika mpango mkubwa ulioshirikisha wataalamu wa Amani. Uambukizaji ulishuka sana. Upuliziaji ulipokoma, malaria ikarudi polepole. Ramani ya mwaka mmoja ikitundikwa ukutani ikasahaulika, nayo itakuwa pambo tu. Ndiyo maana tunaomba ahadi ya miaka mitatu, si ya leo usiku peke yake.

Sasa tuje kwenye swali la pili, maana tunaona nyuso zinalisubiri. Kwa nini tusigawane sawa?

Tunaielewa hoja ya wanaotaka mgawo sawa, wala haitokani na uchoyo. Umoja huu umejengwa kwa uaminifu. Mtu akitoa laki moja anataka kuona kijiji chake kimekumbukwa, na mgawo sawa ndio ulioepusha ugomvi miaka yote. Kwenye madawati unafaa, kwa kuwa kila mtoto anahitaji kiti kimoja. Lakini malaria haigawi kiti kimoja kwa kila mtoto. Nyumba yenye watoto wawili, mmoja ana homa na mwingine mzima, mama hakati kidonge katikati ili asionekane ana upendeleo. Anampa mgonjwa, na yule mzima hanuni, kwa sababu kesho inaweza kuwa zamu yake.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya faida yetu sote. Mbu hasomi bango la mpaka wa kata. Anayekwenda gulioni, anayelima bondeni, anayeshuka kuuza maharage na kupanda na samaki, wote hubeba au huchukua vimelea njiani. Kitongoji cha bondeni kinachoachwa na madimbwi yake ndicho kinachompandishia malaria ndugu wa mlimani asiye na kinga. Kwa hiyo shilingi ya mtu wa Bungu ikifukia dimbwi la bonde la Luengera, haijapotea. Imemlinda mtu wa Bungu kwenye mlango ambao ugonjwa ungepitia.

Na kata za milimani hazitaachwa mikono mitupu. Bondeni fedha zitakwenda kwenye mazalia na nyumba: kufukia mashimo, kuzibua mifereji, wavu madirishani, na dawa ya viluwiluwi ambayo sasa inatengenezwa nchini kwetu, pale Kibaha. Dawa hiyo tutaiweka tu pale inapofaa, yaani mazalia yakiwa machache, ya kudumu na rahisi kuyapata. Ukiwa na kwato elfu za ng'ombe kwenye masika, dawa hiyo ni kupoteza fedha. Mlimani fedha zitakwenda kwenye kujua mapema: kuhesabu wagonjwa wa homa kila wiki baada ya mvua kubwa, ili idadi ikipanda ghafla taarifa ifike kwa Mganga Mkuu wa Wilaya siku hiyo hiyo, na kuhakikisha wanaoshuka kulima wanakwenda na chandarua cha kibandani.

Tunapendekeza pia kwamba hatari isipimwe kwa mbu peke yake. Kwenye meza moja tutaweka ramani tatu, moja juu ya nyingine. Ya kwanza, mazalia yako wapi. Ya pili, wagonjwa wametoka vitongoji gani na walilala wapi. Ya tatu, kutoka kila kitongoji hadi kwenye kipimo na dawa ni mwendo gani, kiangazi na masika. Mtoto mwenye malaria kali huweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kitongoji chenye mbu wachache lakini kilichofungwa na mto uliofurika kinaweza kuzika watoto wengi kuliko chenye mbu wengi na zahanati jirani. Pale ambapo ramani hizo tatu zinapatana, hapo ndipo fedha zetu zitakapoanzia.

Kazi yenyewe itakwenda hivi:

1. Kila kitongoji kitateua vijana wawili, wa kike na wa kiume, kwenye mkutano wa hadhara. Watafundishwa pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, chini ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya.

2. Watachora kitongoji kwa mkono kwanza, wakiwa na wazee wanaokijua, kisha watahakiki kwa simu inayoonesha mahali walipo. Pasipo na mwenyewe patapewa mwenyewe.

3. Zahanati zitasaidiwa kuandika kitongoji cha mgonjwa na alikolala. Kwenye ramani litaonekana jina la kitongoji tu. Halitaonekana jina la mtu wala nyumba ya mtu, kwa sababu hatutaki mtoto achekwe shuleni wala binti akose mchumba kwa ajili ya ramani yetu.

4. Ramani kubwa itatundikwa kwenye ofisi ya kijiji na kwenye zahanati. Kila mwananchi ataiona, atabisha panapostahili kubishwa, na itarekebishwa mbele yake.

5. Kila mwaka, kabla ya masika, vijana wataipitia upya, na Kamati itasoma matokeo mbele ya mkutano huu, mazuri na mabaya, pamoja na hesabu ya kila shilingi.

Hili la nne ndilo litakalolinda Umoja wetu. Zamani mgawo usio sawa ulizua maneno kwa kuwa ulifanyika chumbani. Ukifanyika mbele ya ramani iliyochorwa na wenyeji, mtu wa kata iliyopata kidogo anaweza kuinuka, akaweka kidole na kuuliza, na akajibiwa kwa kitu anachokiona. Na ramani ya mwakani ikionesha hatari imehamia kwake, hatahitaji kupiga magoti kwa mtu. Fedha zitamfuata.

Korogwe imeitolea dunia mengi katika vita hivi. Watoto wetu na mama zao walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo leo inawakinga watoto katika nchi kadhaa za Afrika. Damu ya vijiji vyetu imejaza vitabu vya wataalamu wa mbali. Ni haki sasa maarifa hayo yarudi nyumbani, yakae kwenye karatasi ukutani pa ofisi ya kijiji, mahali ambapo mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyagusa.

Ndugu wana-Korogwe, katikati ya kijitabu hiki kuna kadi ya ahadi. Upande wa mbele umeandikwa kiasi, upande wa nyuma umeandikwa miaka mitatu. Tunaomba mjaze pande zote mbili. Na pale palipoandikwa "kijiji chako", andikeni, tunataka kujua mnakotoka. Ila tunawaomba mtoe mkijua kwamba fedha hiyo inaweza kuanzia kitongoji ambacho hamjawahi kukikanyaga, kwa mtoto msiyemjua ukoo wake, kwa sababu ramani imesema yeye ndiye aliye karibu zaidi na hatari.

Mcheza kwao hutunzwa. Safari hii tutunze kwanza pale panapouma.

Mungu aibariki Korogwe, mlima na bonde.